Simu Ndogo Imara na Kosa la Kupima Maendeleo kwa Upana wa Kioo

Katika mijadala ya mawasiliano nchini Tanzania imezoeleka kuichukulia simu ndogo kuwa ngazi ya mwanzo, ambayo mtu huikanyaga kwa muda na kuiacha mara tu apatapo uwezo. Kwa mujibu wa mtazamo huo, unaosikika katika hotuba za viongozi, katika matangazo ya biashara na katika maduka ya katikati ya jiji la Mwanza, mwenye simujanja ya kioo kipana amekwisha kuingia katika uchumi wa kidijiti. Mwenye kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe yenye taa kichwani, ambayo vijana huiita pia kiswaswadu kwa kuidunisha, anahesabiwa kuwa bado yuko nje akingojea kuokolewa. Makala haya yanaupinga mtazamo huo moja kwa moja. Yanadai kwamba kwa watu wanaoishi na kufanya kazi katika mwambao wa Ziwa Victoria, kuanzia Mwaloni Kirumba jijini Mwanza hadi Nansio kisiwani Ukerewe na visiwa vilivyo mbele yake, simu ndogo iliyo imara ndiyo ifaayo kwa matumizi ya kila siku, na kwamba upungufu wake wa leo umetokana na maamuzi ya watengenezaji, ya kampuni na ya watunga sera, ambayo yanaweza kubadilishwa.

Mtazamo unaopingwa hapa una nguvu kwa sababu umekwisha kuingia katika sheria na takwimu. Sheria ya Fedha ya mwaka 2021 ilisamehe kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 18, kwa simujanja, vishikwambi na modemu, ikitarajiwa kwamba watumiaji wa intaneti wangefikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2025. Mwaka uliofuata msamaha huo wa simujanja ukaondolewa. Msamaha ulipotolewa na ulipofutwa, kipimo cha mafanikio kilibaki kilekile, nacho ni idadi ya simujanja zitakazoingia mikononi mwa watu. Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) za mwaka 2023 na 2024, zilizoonyesha simujanja zikiwa takriban theluthi moja tu zikilinganishwa na idadi ya watu huku simu za kawaida zikizidi asilimia 80, husomwa kana kwamba ni orodha ya waliochelewa. Hakuna safu inayoonyesha ni simu ngapi zilizokuwa na chaji saa nane za usiku, ni ngapi zilizonusurika msimu mzima wa uvuvi, wala ni ngapi zilizopokea ujumbe ilhali mwenyewe yuko kilomita kumi kutoka nchi kavu. Kwa mkazi wa kisiwa cha Ukara au cha Kome hayo ndiyo mambo yanayoamua kama ana simu au hana.

Inafaa kuanza na kazi yenyewe, kwa maana chombo hakiwezi kuhukumiwa kabla ya kutazama mikono inayokishika. Uvuvi wa dagaa hufanyika usiku, hasa katika siku za giza ambapo mwezi haujachomoza, kwa kuwasha taa juu ya maji ili dagaa wakusanyike chini ya mwanga. Zamani taa hizo zilikuwa karabai za mafuta ya taa, na sasa nyingi ni za betri na sola. Mvuvi aliye katika kazi hiyo ana mikono iliyolowa na kutapakaa magamba, mkono mmoja umeshika kamba au ukingo wa mtumbwi, na sakafu ya mtumbwi haikosi maji. Kioo cha kugusa hufanya kazi kwa kuhisi badiliko dogo la chaji ya umeme linalosababishwa na kidole, na kwa kuwa maji nayo hupitisha umeme, matone yaliyosambaa juu ya kioo huifanya simu isome miguso isiyokuwapo na kuikosa ile iliyokuwapo. Kitufe hakijali unyevu, kwa sababu kinachosubiriwa ni kubonyezwa tu, na mtu aliyezoea huweza kupiga namba gizani bila kutazama. Zaidi ya hayo, kioo cha inchi sita na nusu, ambacho sasa ni cha kawaida hata katika simujanja za bei ya chini, hudai mikono miwili, na mwanadamu aliyesimama katika mtumbwi unaoyumba hana mkono wa pili wa kuutoa.

Sifa za kitochi hazikuja kwa bahati. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya simu milioni 250 duniani, ilisanifiwa makusudi kwa ajili ya nchi zenye jua kali, vumbi na umeme wa kubahatisha: ilikuwa na uzito wa gramu 86, vitufe vyake vilifunikwa kwa utando mmoja uliozuia vumbi, mbavu zake zilitiwa mistari ya kuzuia kuteleza kiganjani, na kichwani iliwekewa tochi. Betri yake ya aina ya BL-5C hutolewa kwa kidole na kubadilishwa bila fundi, jambo ambalo simujanja za leo, ambazo betri zake zimegandishwa kwa gundi ndani ya mwili, zimemnyang'anya mtumiaji. Ni haki kukiri hapa kwamba kitochi cha kawaida hakina kinga rasmi ya maji. Kinga hiyo hupimwa kwa kiwango cha kimataifa kinachoandikwa kwa herufi IP na tarakimu mbili, ambapo ya kwanza hueleza vumbi na kilele chake ni 6, na ya pili hueleza maji, 7 ikiwa na maana ya kuzamishwa hadi mita moja kwa nusu saa na 8 ikiwa na maana ya kuzamishwa zaidi ya hapo kwa masharti yaliyotajwa na mtengenezaji. Uimara wa kitochi umetokana na uchache wa vitu vinavyoweza kuvunjika, na kikidumbukia majini mwenyewe hulazimika kukifungua, kukianika juani na kusubiri. Upungufu huo ni wa kweli, lakini dawa yake ni simu ndogo iliyozibwa vizuri, na haielekei hata kidogo kwenye kioo kikubwa zaidi.

Jambo la pili ni mawimbi ya redio, ambalo watetezi wa simujanja hulipita haraka mno. Mtandao wa kizazi cha pili, yaani 2G, huruhusu simu iwasiliane na mnara ulio umbali wa hadi kilomita 35 hivi, na katika masafa ya megahezi 900 simu inaweza kutoa nguvu ya hadi wati 2 wakati wa kutuma, ilhali katika mtandao wa 4G simu ya kawaida hutoa takriban wati 0.2, yaani sehemu moja ya kumi. Juu ya ziwa, ambako hakuna kilima wala jengo la kukinga mawimbi, tofauti hiyo ndiyo inayoamua ni wapi sauti ya mvuvi inakomea kusikika. Simujanja nayo huweza kurudi kwenye 2G inapokosa 4G, lakini ikifika huko kioo chake kipana hakina la kuonyesha, na wakati wote inapoutafuta mtandao wa juu inakula betri. Mwezi Mei 2023 serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), ilitia saini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini, na hatua hiyo inastahili sifa. Hata hivyo mnara husimama nchi kavu, na hakuna anayejenga mnara katikati ya maji. Ziwa lina kilomita za mraba zinazokaribia 69,000, na zaidi kidogo ya nusu yake iko Tanzania. Mipango inayomchukulia kila raia kuwa amesimama chini ya mnara imewasahau watu wanaofanya kazi yao humo usiku kucha.

Kusahauliwa huko kuna gharama ya uhai. Dhoruba za Ziwa Victoria hutokea zaidi usiku na alfajiri, kwa sababu upepo wa nchi kavu iliyopoa hukutana juu ya maji yaliyobaki na joto na kuinua mawingu makubwa ya radi, na hizo ndizo saa ambazo mitumbwi ya dagaa iko mbali. Makadirio yanayotumiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) hutaja vifo kati ya 3,000 na 5,000 kwa mwaka katika ziwa zima. Kati ya mwaka 2017 na 2021 shirika hilo liliratibu mradi wa HIGHWAY, uliofadhiliwa na Uingereza na kushirikisha Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) pamoja na wenzao wa Kenya na Uganda, ili utabiri maalumu wa ziwa uwafikie wavuvi na wasafiri. Utabiri wa namna hiyo, ukikatwa vizuri, unatosha katika ujumbe mfupi wa maandishi: upepo, mawimbi, saa, na onyo. Hauhitaji ramani yenye rangi. Unahitaji simu iliyo hai mfukoni wakati ujumbe unapofika, na simu iliyozimika saa mbili za usiku kwa sababu kioo chake kimemaliza chaji haimwambii mtu lolote.

Kuhusu chaji hakuna haja ya maneno mengi. Umeme umeendelea kufika visiwani, na mfumo wa sola ambao kampuni ya JUMEME iliuzindua mwaka 2016 katika kijiji cha Bwisya, kisiwani Ukara, ni mfano wa kutia moyo, lakini kambi nyingi za wavuvi bado hutegemea vibanda vya kuchajia ambako kila chaji hulipiwa. Simu inayokaa siku kadhaa bila kuchajiwa humpunguzia mwenyewe gharama inayojirudia kila wiki ya maisha yake.

Hoja ya kiuchumi ndiyo ambayo watetezi wa kioo kipana huiona kuwa ngome yao, nayo huenda hivi: simu huinua kipato, simujanja ni simu bora zaidi, kwa hiyo simujanja huinua kipato zaidi. Kiungo cha kwanza ni sahihi, na ushahidi wake maarufu unatoka kwa wavuvi. Mwanauchumi Robert Jensen, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2007, alichunguza wavuvi wa dagaa-papa katika jimbo la Kerala nchini India kati ya mwaka 1997 na 2001, wakati minara ilipokuwa ikifika pwani hiyo awamu kwa awamu, na akaona kwamba tofauti za bei baina ya masoko zilipungua sana, upotevu wa samaki waliokosa mnunuzi ukakoma, faida ya wavuvi ikapanda kwa takriban asilimia 8 na bei ya mlaji ikashuka kwa takriban asilimia 4. Simu zilizoleta mabadiliko hayo hazikuwa na intaneti, hazikuwa na kamera, na wala hazikuwa na kioo cha kugusa. Mvuvi aliye baharini alipiga simu, akauliza bei, akaamua aelekeze chombo wapi. Anayetumia ushahidi wa aina hiyo kudai kwamba mvuvi wa Ukerewe hatajikwamua mpaka anunue simujanja anageuza matokeo ya utafiti juu chini.

Vivyo hivyo kwa fedha. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, na ilisambaa kwa njia ya menyu za nyota na reli, kama *150*00#, ambazo hupita katika njia ya ishara ya mtandao wa simu na hazihitaji bando. Mama anayenunua dagaa wabichi alfajiri, akawaanika juu ya vichanja na kuwauza wakavu kwa wafanyabiashara wanaowasafirisha hadi Kongo, Rwanda na Burundi, hupokea malipo yake kwa menyu hiyo, na simu yake humkaa katika pindo la khanga huku mikono ikigeuza dagaa. Simu ya ukubwa wa kiganja kizima haikai hapo. Huachwa kwenye kikapu au kwa mtu mwingine, na simu iliyo kwa mtu mwingine, katika biashara ya fedha taslimu na namba za siri, ni hatari ambayo mtunga sera anapaswa kuifikiria kabla ya kumpangia mama huyo kifaa.

Hata hivyo ipo pingamizi moja yenye uzito, na haifai kuikwepa. Biashara ya leo haiishii katika sauti na menyu. Mnunuzi wa mabondo, yaani vibofu vya hewa vya sangara ambavyo vina bei kubwa katika soko la Asia, hutaka picha kabla ya kutaja bei. Vikundi vya wafanyabiashara hupashana habari kwa WhatsApp. Fomu na huduma za serikali zinahamia mtandaoni mwaka hadi mwaka. Kitochi cha mwaka 2003 hakiwezi kufanya hayo, na mtu anayesema kwamba mvuvi aridhike nacho milele anamtakia mwenzake maisha ambayo yeye mwenyewe hayataki. Makala haya hayasemi hivyo. Yanasema kwamba intaneti na upana wa kioo ni mambo mawili tofauti, ambayo biashara imeyafunga pamoja kana kwamba moja haliwezi kuja bila jingine.

Ushahidi kwamba yanaweza kutenganishwa upo, na baadhi yake uko hapahapa nchini. Mwaka 2019 kampuni za simu, zikiwamo Vodacom na Tigo, ambayo sasa inaitwa Yas, zilileta sokoni vitochi vyenye intaneti vilivyotumia mfumo endeshi wa KaiOS, ambao ulijengwa juu ya mabaki ya mfumo wa Firefox OS wa shirika la Mozilla. Mfumo endeshi ni programu kuu inayoendesha kifaa chote. Hizo zilikuwa simu za vitufe, ndogo, za bei ya chini, zenye WhatsApp na kivinjari cha intaneti, na kwa mwambao wa ziwa zilikuwa jibu lililokaribia kukamilika. Kilichofuata kinasikitisha. Katikati ya mwaka 2024 WhatsApp iliacha kupakuliwa katika simu za KaiOS, na mapema mwaka 2025 ikaacha kufanya kazi hata kwa waliokuwa nayo, kwa uamuzi wa mmiliki wake. Mtu aliyenunua simu hiyo kwa sababu ya WhatsApp alibaki na chombo kizima kilichonyang'anywa kazi yake. Baadaye simu za namna hiyo hutajwa kama uthibitisho kwamba simu ndogo haziwezi kutoa huduma za kisasa, ilhali uwezo ulikuwapo na ukaondolewa ofisini, maelfu ya kilomita kutoka Kirumba.

Upande wa pili wa dunia kampuni ya Unihertz ya Shanghai ilionyesha mwaka 2018, kwa simu iliyoitwa Atom, kwamba simujanja kamili ya Android yenye 4G inaweza kuwa na kioo cha inchi 2.45, uzito wa gramu 108 hivi na kinga ya IP68. Ina kasoro zake, kwani betri yake ya miliampia-saa 2,000 ni ndogo, herufi za kwenye kioo ni taabu kwa mwenye macho hafifu, kioo chake ni cha kugusa kama vingine, na bei yake, iliyozidi dola 200 za Marekani, haimfai mvuvi. Lakini wanaodai kwamba udogo, uimara na intaneti haviwezi kukaa pamoja walijibiwa na mashine hiyo. Simu inayohitajika ziwani ingechukua mwili uliozibwa wa Atom, vitufe na betri ya kubadilishwa ya kitochi, laini mbili kama zilizomo katika simu nyingi za Afrika Mashariki, na programu ambazo kampuni inayozimiliki haina ruhusa ya kuzifuta ipendavyo.

Husemwa kwamba soko limekwisha kuamua. Mfano unaotolewa ni wa Apple, ambayo ilitoa iPhone ndogo za inchi 5.4 mwaka 2020 na 2021 kisha ikaacha, kwa kuwa wanunuzi hawakujitokeza kwa wingi. Hoja hiyo inapima matakwa ya watu wanaotazama filamu katika treni na wenye soketi ya umeme kila chumba, kisha inayageuza kuwa sheria ya asili kwa watu wa visiwa vya Ijinga na Maisome. Soko la mwambao halijawahi kuulizwa swali lenyewe, kwa sababu bidhaa inayostahili kuulizwa haijawekwa mezani. Mnunuzi anayeingia dukani Mwanza hukuta kitochi kisicho na intaneti upande mmoja na kioo kipana cha kuvunjika upande wa pili, na watu wengi, ambao wamekwisha kuona kilichokosekana, hununua vyote viwili: kikubwa kibaki nyumbani, kidogo kiende kazini. Mtu anayelazimika kulipia simu mbili ili apate kazi ya moja hawezi kuhesabiwa kuwa ameichagua ile kubwa.

Upo pia mtazamo mwingine unaoonekana kuitetea simu ndogo, nao unapaswa kukataliwa kwa uthabiti uleule. Katika Ulaya na Marekani simu ndogo zimeanza kusifiwa kama dawa ya uraibu wa mitandao, njia ya mtu aliyechoshwa na habari kujitenga na dunia. Hilo ni jambo la heshima kwa anayelihitaji, lakini likiletwa ziwani linageuka kuwa dhihaka, kwa sababu mvuvi wa Ukara hajachoshwa na habari, amenyimwa. Anataka simu ndogo ili afikike, na simu hiyo ikiuzwa kama kifaa cha utulivu ingemwachia tena huduma pungufu.

Jambo la mwisho linahusu mikopo, na ndiko mtazamo unaopingwa hapa unakoumiza watu kwa namna iliyo wazi zaidi. Simujanja za mkopo, ambazo mnunuzi hulipa kidogo kidogo kila siku au kila wiki na ambazo hujifunga zenyewe malipo yakichelewa, husifiwa kama daraja la mnyonge kuelekea dunia ya kidijiti. Lakini kipato cha mvuvi wa dagaa hufuata mwezi wa angani. Mbalamwezi inapong'aa, dagaa hawakusanyiki chini ya taa, mitumbwi huvutwa ufukweni, nyavu hushonwa, na kwa siku kadhaa hakuna kinachoingia. Mkataba uliotungwa kwa kalenda ya mshahara hauijui mbalamwezi, kwa hiyo simu hufungwa katika siku zilezile ambazo mvuvi huitumia kutafuta mnunuzi wa dagaa waliobaki, kuagiza vipuri vya mashine ya mtumbwi na kuuliza kama kuna kibarua mjini. Mkopeshaji anayejali ukweli huo angeanza kwa simu ya bei ndogo, ambayo deni lake lingekwisha katika vipindi viwili au vitatu vya giza, na angeandika katika mkataba kwamba siku za mbalamwezi hazidaiwi. Na serikali, ikiwa itasamehe kodi tena, ingeweza kuufunga msamaha huo na masharti yanayopimika, yaani kinga ya maji, betri inayobadilishwa na mkono wa mwenyewe, na huduma ya programu kwa miaka iliyotajwa, badala ya kuutoa kwa kila kifaa kinachoitwa simujanja.